Kishikizo chenye Vitone Vitatu

Ukitaka kumuudhi Bi Sumaku, mwambie kitu "kiko sawa tu". Nimefanya naye kazi karakana moja miaka kumi na tisa, mimi na waya zangu upande wa dirisha, yeye na mashine yake ya kukereza upande wa mlango, na miaka yote hiyo neno "tu" lilimchoma kuliko tusi. "Kiko sawa, au kiko sawa tu?" angeuliza, mikono kiunoni. Ukikosa jibu, unarudi kupima upya.

Jina la Bi Sumaku tulimbandika sisi. Alikuwa na kisumaku alichokitoa kwenye spika mbovu ya redio ya marehemu baba yake, fundi wa cherehani aliyemfundisha kutambua mkwaruzo kwa ncha ya ukucha kabla hajajua kusoma. Alikifunga uzi wa kushonea na kukining'iniza kwenye msumari juu ya meza yake. Chochote kilichotaka kuingia ndani ya chombo chetu, hata skrubu ndogo kama punje ya mchele, kilipitishwa kwanza mbele ya sumaku hiyo. Uzi ukiinama hata kidogo, kitu kinarudi kilikotoka. Wageni walicheka, maana jengo zima lilikuwa na mitambo ya kisasa ya kupima mambo hayo. Lakini mitambo ilikuwa na foleni na fomu za kujaza, na uzi ulihitaji mkono usiotetemeka, basi.

Karakana yetu ilikuwa na sharti jingine, la zamani kuliko sisi sote. Kila kipande kilikwaruzwa chini yake alama ya aliyekitengeneza, ili kikileta balaa ijulikane pa kubisha hodi. Alama ya Bi Sumaku ilikuwa vitone vitatu vilivyopangwa sawasawa. Yangu ni mstari uliopinda mara mbili, na yeye alisema unafanana na nzi aliyekanyagwa.

Sasa niseme chombo chenyewe kilikuwa cha nini, maana hata shemeji zangu huniuliza, na nikianza kueleza wanaanza kuaga. Ndani ya atomu zilizotulia, nyutroni huishi bila wasiwasi. Itoe nje, iache peke yake, na baada ya kama robo saa itavunjika. Zinatoka protoni, elektroni na kitu cha tatu cha ukoo wa neutrino, ambacho hupita kwenye ukuta, kwenye mlima, kwenye dunia nzima, bila kugusa mtu. Wakubwa wetu walitaka kujua kama elektroni na huyo wa tatu hupendelea kuondoka upande mmoja au pande tofauti, na kwa kiasi gani hasa. Kwa kuwa wa tatu hakamatiki, unaikamata protoni, unapima ilivyorushwa nyuma, kisha unapiga hesabu. Taabu ni kwamba protoni hiyo hutoka kinyonge mno. Tunaiongoza kwa sumaku kubwa iliyopangwa kwa uangalifu hadi kwenye kigunduzi, na sumaku nyingine yoyote iliyojipenyeza njiani, hata ndogo namna gani, inaipotosha. Ndiyo maana ya ule uzi.

Nyutroni zetu zilitoka kwenye kinu cha nyuklia kilicho nyuma ya ukuta mnene wa zege. Mwaka ule tulipewa siku sitini na saba za mwale wa nyutroni hizo. Siku ya sitini na saba kinu kingezimwa kwa matengenezo ya miaka minne, na siku hiyohiyo Bi Sumaku angestaafu, kwa sababu alikuwa ametimiza sitini na hakutaka kuongezewa hata wiki. Miaka sita ya kukereza, kuosha na kufunga vyuma kwa ajili ya jibu moja ilikuwa imebanwa ndani ya siku hizo. Alitaka kuliona jibu hilo kabla hajatundika koti lake, na hakumficha mtu.

Siku ya arobaini ilikuwa Jumapili. Vigunduzi vilikuwa vikihesabu vyenyewe, watu wa zamu wanapiga miayo, na Bi Sumaku alikuwa nyumbani kwake anaosha vyombo. Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu na asiyejua kukaa bure, alikuwa na karatasi ya vitu vya kununua na kisumaku cha kuibandikia. Friji lao jipya lilikataa sumaku. Akajaribu kwenye sinki.

"Mama watoto, njoo uone maajabu," alisema. "Hii sinki ina ubaguzi. Hapa katikati sumaku inateleza. Hapa kwenye kona inashika!"

Mzee huyo amenisimulia kisa hiki mara nyingi, na kila mara anaongeza chumvi, ila hapa nadhani anasema kweli. Anasema mkewe aligeuka akiwa bado na povu mikononi, akaitazama ile karatasi kwenye kona ya sinki, akakaa chini sakafuni palepale.

"Unaumwa?" mumewe akauliza.

"Nipe simu," alisema. "Ni kishikizo."

Aliyepigiwa ni mimi, na nilipofika karakana nilimkuta ameshafungua mlango. Juu ya meza palikuwa na kipande cha chuma kisichoshika kutu, kirefu kama kidole cha shahada, kilichopinda katikati. Nilikitambua. Kilikuwa pacha wa kishikizo tulichokuwa tumekifunga ndani ya chombo kuzuia waya wa kigunduzi usichezecheze. Yeye hutengeneza kila kitu viwili viwili, kimoja cha kutumia na kimoja cha akiba.

Hapa lazima niseme jambo ambalo nilichelewa sana kulisema. Kishikizo kile alikitengeneza kikiwa kimenyooka. Alikipima kwa uzi, uzi haukuinama, akakiosha, akakifunga kwenye karatasi safi. Siku ya kufunga chombo ikaonekana waya wangu unakisugua. Watu wa pampu za kunyonya hewa chomboni walikuwa wamesimama mlangoni wanatusubiri, na nikamwambia, "Dada, kikunje hapa kidogo tu, waya upite." Nilisema "tu", kwa mdomo wangu. Akakibana kwenye jiliwa, akakigonga nyundo ya mbao mara mbili, akakiosha tena, tukakifunga. Kisha akamkunja na pacha wake vilevile, wasitofautiane.

"Shika uzi," aliniambia Jumapili ile.

Nikaushika. Akakisogeza kipande taratibu. Mbele ya sehemu iliyonyooka, sumaku ilitulia. Mbele ya mkunjo, ikageuka na kuusogelea.

"Chuma hiki ukikikunja kikiwa baridi, kinabadilika tabia ndani yake," alisema. "Kinaanza kuitikia sumaku. Nalijua hilo tangu niko chuo. Hata kona ya sinki inajua. Nilipima kabla ya kukunja, sikupima baada."

"Pengine ni kidogo sana."

"Ni kidogo sana. Na tunachopima je, ni kikubwa?"

Nilitazama saa ya ukutani kana kwamba ingenisaidia. Kufungua chombo kulikuwa na gharama yake: kupandisha joto taratibu, maana ndani mlikuwa na baridi kali, na kuingiza hewa, siku mbili, kazi yenyewe siku moja, kisha kunyonya hewa na kuoka kuta mpaka libaki ombwe safi, siku nane. Kumi na moja kati ya ishirini na saba zilizobaki. Na zile arobaini zilizopita zote zingekuwa za shaka.

"Dada," nilisema, "nyamaza. Zimebaki siku ishirini na saba. Hakuna atakayejua."

Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angenigombeza.

"Wewe umeshajua," alisema. "Mimi nimeshajua. Tuko wawili tayari."

Jumatatu saa mbili asubuhi aliingia kwenye chumba cha mikutano na kipande chake, uzi wake na ubao alioujaza ratiba ya siku kumi na moja, saa kwa saa. Profesa alikuwa ameketi mwisho wa meza. Ni mtu mpole, mdogo kuliko Bi Sumaku kwa miaka kumi na tano, na humwita mama hata anapomkatalia. Pembeni yake alikuwa Mtu wa Hesabu, dada mwembamba anayeongea haraka, ambaye kompyuta zote za jaribio zilikuwa mikononi mwake.

Bi Sumaku hakuzunguka mbuyu. Alieleza, akaning'iniza sumaku mbele ya macho yao, ikageuka. Kisha akasema, "Nilikikunja mimi, baada ya kukipima. Kosa ni langu."

Nilikuwa nimekaa kiti cha pili kutoka mlangoni. Nilikuwa na daftari mbele yangu, na nikaanza kuchora visanduku. Alingoja kidogo. Hakunitazama hata mara moja, ila alingoja, kisha akaendelea.

"Tunaweza kurekebisha kwa hesabu," alisema Mtu wa Hesabu. "Tukadirie nguvu ya hicho kishikizo, tuiondoe kwenye jibu."

"Utaikadiriaje? Huyu niliye naye ni pacha, siyo mwenyewe. Mwenyewe amekaa siku arobaini ndani ya sumaku kubwa. Sijui sasa yuko hali gani, na wewe hujui."

"Huenda jibu halijaharibika hata kidogo."

"Huenda. Bahasha iko wapi?"

Bahasha ni desturi yetu. Jaribio likianza, kompyuta huchagua tarakimu moja ya siri na kuichanganya kwenye majibu yote, ili asiwepo wa kulisukuma jibu upande anaoupenda. Tarakimu yenyewe huandikwa kwenye karatasi, ikatiwa kwenye bahasha yenye lakiri, ikafungiwa kabatini kwa mkutubi, na mkutubi wetu ni mama ambaye hata Profesa anamuogopa. Mpaka siku ya mwisho, hakuna ajuaye kama jibu letu ni zuri au baya.

"Basi hatuwezi kusema mambo yanakwenda vizuri," alisema Bi Sumaku. "Tumejifunga macho wenyewe. Hatuna cha kutegemea ila vyuma, na chuma kimoja kinadanganya."

Profesa alijifuta uso kwa kiganja. "Mama, tukifungua, zinabaki siku kumi na sita. Kukitokea uvujaji wakati wa kufunga, hatupati kitu. Miaka minne kinu kimezimwa. Sijui kama watanipa mwale tena."

"Najua. Mimi sina hata hiyo miaka minne."

"Una hakika?"

"Na jibu, sina. Na huu uzi, ninayo hakika." Akakaa. "Mficha maradhi, kilio humfichua, Profesa. Ukisema tusifungue, nitaandika kwenye kitabu cha zamu nilichokiona jana, niweke sahihi, nirudi kazini. Ila sitaacha kukiandika."

Profesa aliomba muda hadi saa sita. Saa nne na nusu nilimkuta amesimama peke yake karakana, ameshika uzi, anakipitisha kile kipande mbele ya sumaku, mara hii, mara ile. Saa tano akasema tufungue.

Sijapata kumuona mtu akifanya kazi kama Bi Sumaku siku zile. Kishikizo kipya alikikereza kwa titani, madini yasiyojali sumaku hata yakikunjwa, akakipima kabla ya kukata, baada ya kukata, kabla ya kukunja, baada ya kukunja, na baada ya kukiosha, na kila mara alinifanya mimi nishike uzi. Kile cha zamani kilipotoka, kilivuta sumaku mara tatu ya pacha wake. Mtu wa Hesabu alikiona kwa macho yake akaondoka. Baadaye alirudi na vikombe viwili vya chai, kimoja akakiweka mbele ya Bi Sumaku.

Tukafunga. Siku ya tano ya kunyonya hewa, mshale wa kipimo ulikwama. Palikuwa na uvujaji, kama Profesa alivyoogopa. Viungio vilikuwa mia na kumi na mbili. Bi Sumaku alichukua mtungi wa heliamu na mpira mwembamba, akapanda ngazi, akaanza kupuliza kiungio kimoja baada ya kingine, huku mimi nikitazama mashine inayolia ikinusa heliamu imeingia ndani. Magoti yalikuwa yakimuuma. Kila akishuka ngazi alikuwa anajisemesha peke yake. Nikamwambia nimpokee.

"Wewe tazama sindano," alisema. "Ukisinzia nitakupuliza wewe, nione unavujia wapi."

Mashine ililia kwenye kiungio cha tisini na saba. Pete ya kuzibia ilikuwa na unywele, unywele wa mtu kabisa, mfupi na mweupe. Kwenye genge letu zima mwenye mvi alikuwa mmoja. Aliushika kwa kibano, akauinua kwenye mwanga, akacheka mpaka akalazimika kushikilia ngazi. "Hata kichwa changu kinataka kubaki humu ndani," alisema. Kazi hiyo ilitugharimu siku mbili. Zikabaki kumi na nne.

Siku hizo kumi na nne mwale ulikuja bila kukatika, na tuliulinda kama mgonjwa. Tulikubaliana kwamba data za siku arobaini zisiguswe na mtu yeyote mpaka mwisho. Siku ya sitini na saba, saa nane mchana, king'ora kifupi kililia na kinu kikazimwa. Saa kumi tulikuwa maktaba, watu tisa kuzunguka meza ya kusomea, na mkutubi akakata lakiri kwa mkasi wake mwenyewe.

Mtu wa Hesabu akaingiza tarakimu. Jibu la siku kumi na nne likatokea. Lilikuwa na mashaka, yaani kiasi linachoweza kukosea, makubwa kuliko tulivyoota, karibu mara mbili, lakini lilikaa pale wataalamu wa nadharia walipotabiri. Watu walishangilia. Profesa alimkumbatia mkutubi, naye mkutubi akavumilia.

"Na zile arobaini?" aliuliza Bi Sumaku.

"Mama, za nini tena?" Profesa alisema. "Tumezitupa."

"Nataka kujua."

Mtu wa Hesabu alibonyeza. Alitazama kioo, akabonyeza upya, akageuza kompyuta tuone sote. Jibu la siku arobaini lilikuwa na mashaka madogo, safi, la kupendeza, na lilikuwa mbali na lile lingine kwa mara tano ya mashaka yake.

Kwa asiye wa kazi hii niseme hivi: jibu la namna hiyo halileti wasiwasi, linaleta tarumbeta. Tungeitangazia dunia kwamba sheria ya maumbile imevunjika. Watu wa nchi nyingine wangetumia miaka kumi kututafuta tulipokosea, au kujenga nadharia mpya juu ya kipande cha chuma kirefu kama kidole. Na kwa siku kumi na tatu nilikuwa nimemnunia moyoni mwanamke huyu kwa kutupotezea muda.

Niliona aibu, aibu ya kweli. Profesa alikuwa amekaa, mikono kichwani. Bi Sumaku peke yake ndiye aliyeitikia kwa kichwa kama mtu aliyerudishiwa ufunguo aliojua aliuacha wapi.

"Andika ilivyokuwa," alimwambia Profesa. "Usije ukaandika 'sababu za kiufundi'. Andika kilipimwa kabla ya kukunjwa, hakikupimwa baada. Kuna mwingine mahali fulani anakunja chake leo."

Hakutaka hafla. Alifagia upande wake wa karakana, akapaka mashine yake mafuta, akakichukua kile kishikizo kibaya na nyundo, akapanda kwenye kigoda na kukipigilia juu ya mlango kwa ndani, vitone vitatu vikitazama chini, ili kila anayetoka avione.

"Dada, utajiaibisha bure," nilisema. "Wanafunzi wataingia humu miaka na miaka, watauliza ni cha nani."

"Waulize. Ndiyo kazi ya alama."

Alishuka, akavua koti. Mumewe alikuwa anamngoja nje, nilimsikia akipiga honi kama bado ana lori. Nilikuwa nimesimama chini ya kile kipande, nikitazama vile vitone. Nilikumbuka mlango uleule, watu wa pampu wanangoja, na sauti yangu inasema kidogo tu. Nilikumbuka visanduku kwenye daftari. Alikuwa amenipa nafasi, akangoja, na nikaiacha ipite.

Nikachukua msumari wa kuchorea, nikapanda kwenye kigoda.

"Unafanya nini?" alisema.

"Niliomba mimi kikunjwe." Nikaweka ncha ya msumari kwenye chuma. "Nilikuharakisha mimi, dada. Nitamwambia Profesa leo hii. Nilipaswa kusema Jumatatu ile."

Nikaanza kukwaruza, karibu na vitone vyake. Honi ikalia tena nje. Niliogopa ameshaondoka, lakini nilipotazama chini alikuwa bado pale, koti mkononi, mkono wa pili ameshika kigoda changu kisiyumbe.

"Kandamiza zaidi," alisema. "Hiyo alama yako haisomeki."